Masuali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuwafundisha Wanaoanza Kompyuta ya Kazi za Afisi

Majibu haya ni kwa maalim wanaosomesha kompyuta Unguja na Pemba, iwe kwenye skuli, kituo cha mafunzo ya amali, afisi ya sheha, kikundi cha ushirika au chumba kimoja cha nyumbani chenye mashine nne.

Mwanafunzi hajawahi kabisa kugusa kompyuta. Siku ya kwanza nimfundishe nini?

Anza na kazi, maelezo yatafuata. Masomo mengi hufunguliwa kwa historia ya kompyuta, vizazi vyake na orodha ya sehemu zake. Mwanafunzi hujaza kurasa tatu za daftari akarudi kwao hajabonyeza kitufe hata kimoja. Somo la kwanza la saa moja na nusu linatosha mambo sita: kuwasha mashine, kufungua Word, kuandika jina lake na shehia anayotoka, kuhifadhi, kufunga, kisha kulifungua tena faili lile lile. Hilo la sita ndilo lenye uzito kuliko yote. Anayeweza kukifunga alichokiandika na kukirudia kesho yake ameshaanza kuitumia kompyuta. Asiyeweza, hata akiandika vizuri vipi, kazi yake inaishia pale pale alipokaa.

Siku hiyo hiyo mfundishe kuzima kwa njia yake: menyu ya Start, alama ya umeme, "Shut down", asubiri taa zizimike ndipo azime swichi ya ukutani. Umeme ukikatwa wakati Windows inaandika kwenye diski, mafaili ya mfumo yanaweza kuharibika, na kesho yake mashine ikawa inajikarabati wakati darasa limekaa linasubiri.

Mausi inawashinda, hasa watu wazima. Nifanyeje?

Kosa la kawaida ni kubofya mara mbili huku mkono unasogea. Kompyuta hudhani mtu anaburuta, ikoni inahama na programu haifunguki. Mwambie alaze kiganja juu ya mausi, kifundo cha mkono kiguse meza, na kinyanyuke kidole cha shahada peke yake. Ikiwa bado inamshinda, ingia Control Panel, kisha "Mouse", na usogeze kipimo cha "Double-click speed" upande wa polepole. Ipo na njia ya kulikwepa tatizo: abofye mara moja kuchagua, kisha abonyeze Enter. Hiyo ni njia halali kabisa, na mwenye mkono unaotetemeka anaweza kuitumia siku zote.

Kwa mazoezi, programu ya Paint inafaa sana. Mpe dakika 20 achore nyumba: mraba, paa, mlango, dirisha, kisha aipake rangi. Atakuwa amejifunza kubofya, kuburuta na kuachia bila ya kutajiwa maneno hayo. Kwenye laptopu chomeka mausi ya waya, maana pedi ya kidole ni ngumu kwa anayeanza. Meza ikiwa ya kioo, tandika karatasi chini ya mausi, kwani mausi ya mwanga haisomi vizuri juu ya kioo na kishale kitarukaruka.

Akikwama, nimshikie mausi nimwonyeshe?

Hapana. Hili tunalisisitiza kuliko lolote kwenye ukurasa huu. Maalim akishika mausi, kazi inakwisha kwa sekunde tano na mwanafunzi hajui imepita wapi. Kesho atakwama pale pale na atasubiri mkono wa maalim. Weka mikono nyuma. Elekeza kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta, au kwa maneno: "Juu kushoto, neno la kwanza, bofya hapo." Ukilazimika kuigusa mashine yake, fanya mara moja polepole, ufunge kila kitu, na yeye aanze upya mwenyewe tangu mwanzo.

Kwa watu wa makamo lipo na suala la haya. Mwite kama anavyoitwa mtaani kwake, Bi fulani au Mzee fulani, na usimkosoe kwa sauti mbele ya vijana. Msogelee, inama, sema naye chini kwa chini. Wala usimweke mama na mwanawe kwenye mashine moja: mtoto ndiye atakayeshika mausi mpaka somo linakwisha.

Wanafunzi wangu wanajua simu vizuri sana. Bado waanzie mwanzo?

Ndiyo, lakini wataenda haraka, na matatizo yao ni mengine. Simu huhifadhi yenyewe, kwa hivyo hawana mazoea ya kuhifadhi. Simu haimwonyeshi mtu faili liko wapi, kwa hivyo folda kwao ni kitu kigeni. Wanaandika kwa vidole gumba viwili. Na wengi hugusa kioo wakitegemea kitajibu. Kwa kundi hili fupisha somo la mausi, uzidishe somo la mafaili. Zoezi linalowavutia ni kuchomeka simu kwa waya wa USB, kuchagua "File transfer" kwenye simu, na kuhamisha picha kumi kutoka folda ya DCIM kwenda kwenye folda waliyoitengeneza wenyewe.

Maandishi ya kwenye kioo ni ya Kiingereza na wengine hawakijui. Nigeuze lugha?

Windows 10 inayo pakiti ya Kiswahili, na kwa mashine ya nyumbani ni jambo zuri. Kwa darasa la kazi tunashauri kioo kibaki kama kitakavyokutwa afisini, na maelezo yote yawe kwa Kiswahili. Maneno yanayohitajika siku zote hayazidi 25. Yaandike kwenye manila kwa herufi kubwa, kila neno na kazi yake, uyabandike ukutani.

Ujumbe mmoja ufanyiwe mazoezi peke yake: ule unaotokea mtu akifunga faili ambalo halijahifadhiwa. Vitufe vyake ni vitatu, "Save", "Don't Save" na "Cancel", na anayekisia hubonyeza chochote ili ujumbe uondoke. Mwambie aandike sentensi moja, afunge, abonyeze kila kitufe kwa zamu, kisha afungue faili aone lililotokea. Bora aipoteze sentensi moja ya mazoezi kuliko ripoti ya mwezi.

Kuandika kwa vidole kumi ni lazima?

Kwa karani, ndiyo. Kwa mtu anayeandika barua mbili kwa wiki, si lazima, ila ajue mahali pa kuweka vidole. Vitufe vya F na J vina vinundu vidogo; vidole vya shahada vikae hapo. Herufi a, inayotumika zaidi kuliko zote katika Kiswahili, iko chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho ni dhaifu. Ndiyo maana wanaoanza huchoka mkono huo. Dakika 10 kila mwanzo wa somo zinatosha. Mazoezi ya kuigwa kutoka vitabu vya Kiingereza hayasaidii sana. Tumia maneno ya kwetu yanayokaa yote kwenye mstari wa kati: dada, kaka, lala, haja, saga, kasha, shaka, jalada, fasaha, halahala. Baada ya wiki mbili ongeza mstari wa juu. Kasi ya maneno 20 kwa dakika baada ya miezi miwili ni nzuri.

Herufi zikitoka kubwa zote, ni Caps Lock. Tarakimu za upande wa kulia zikiwa haziandiki, au kimstari kikawa kinahamahama tu, ni Num Lock.

"Maalim, faili langu limepotea." Nianzie wapi?

Mara nyingi halijapotea. Limehifadhiwa mahali ambapo mwenyewe hakupaangalia, au kwa jina asilolikumbuka. Fungua Word, nenda File, kisha "Open", utazame orodha ya mafaili ya karibuni; ukiweka kishale juu ya jina, njia ya folda inaonekana. Likikosekana hapo, bonyeza alama ya Windows pamoja na E, na kwenye kisanduku cha kutafutia andika neno moja la jina lake. Ikiwa hata jina halikumbukwi, andika *.docx, kisha upange matokeo kwa tarehe.

Sababu zinazojirudia ni tatu. Ya kwanza, mtu amefungua faili lililokuja kwa barua pepe, akaliandikia humo humo na kuhifadhi. Limebaki kwenye folda ya muda, na pengine halitaonekana tena. Afundishwe kulihifadhi kwanza ndani ya Documents, ndipo alifungue. Ya pili, amehifadhi kwenye flashi kisha flashi imechomolewa. Ya tatu ni ya mashine mpya: Word hupendekeza OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ambayo inataka akaunti na intaneti. Bonyeza F12 (kwenye laptopu nyingi ni Fn pamoja na F12) na dirisha la zamani la kuhifadhi litafunguka, nawe uchague folda iliyomo ndani ya kompyuta.

Kinga ni kulitengea jambo hili masomo manne kamili, jambo ambalo walimu wengi hulipitia kwa dakika kumi. Tumia kabati la mafaili la afisini kama mfano: kompyuta ni kabati, folda ni jalada, faili ni karatasi iliyomo. Kila mwanafunzi atengeneze folda yenye jina lake, ndani yake nyingine tatu: Barua, Hesabu, Picha. Kisha ahamishe, anakili, abadilishe majina, afute, arudishe kutoka "Recycle Bin". Mkumbushe kwamba kilichofutwa kwenye flashi hakipiti huko, kinaondoka moja kwa moja.

Majina ya mafaili yaanze na mwaka, mwezi na siku: 2025-03-14 Barua ya maombi ya ukumbi. Kompyuta itayapanga kwa tarehe yenyewe. Majina kama "Document1" au "barua mpya mpya ya mwisho" yakatazwe tangu wiki ya kwanza.

Barua ya kiafisi nifundishe vipi? Wanajaza nafasi kwa kitufe kirefu mpaka anwani inafika kulia.

Hilo ndilo kosa kuu, na barua huonekana sawa kwenye kioo mpaka ichapwe au ifunguliwe kwenye mashine nyingine. Herufi hazina upana mmoja, kwa hivyo nafasi zilizohesabiwa kwa macho hazilingani. Bonyeza Ctrl, Shift na 8 kwa pamoja. Kila nafasi itaonekana kama nukta na kila Enter kama alama ya aya. Mwanafunzi akiona nukta 60 mbele ya anwani ataelewa mwenyewe. Anwani ya mwandishi ichaguliwe, kisha isogezwe kwa kuburuta alama ya pembeni kwenye rula ya juu hadi sentimita 10 hivi. Kwa tarehe na namba ya kumbukumbu zinazokaa mstari mmoja, tumia Tab.

Mistari ya anwani ikiachana mno, si kosa la mwanafunzi. Tangu Word ya 2013, kila Enter huongeza pointi 8 za nafasi chini ya aya. Chagua mistari hiyo na ubofye mtindo wa "No Spacing", au atumie Shift na Enter kushuka mstari ndani ya anwani.

Kisha yapo mambo yanayotupata sisi tunaoandika Kiswahili. Mistari myekundu chini ya kila neno inatokana na programu kukagua kwa Kiingereza. Bonyeza Ctrl na A, nenda "Review", "Language", "Set Proofing Language", uweke alama kwenye "Do not check spelling or grammar". Ukiandika vifungu (a), (b), (c), hicho cha tatu hugeuka alama ya hakimiliki ©. Bonyeza Ctrl na Z papo hapo kitarudi, au kifute kabisa kwenye orodha ya AutoCorrect: File, Options, Proofing. Na baada ya kifupisho chenye nukta, kama "taz.", Word huanza neno linalofuata kwa herufi kubwa ikidhani sentensi imekwisha. Orodha ya "Exceptions" iko pale pale kwenye AutoCorrect. Ongeza vifupisho vyako humo.

Ukubwa wa karatasi uangaliwe kabla ya kuandika: "Layout", "Size", A4. Mashine nyingi huja zimewekewa karatasi ya Kimarekani, ambayo ni milimita 216 kwa 279 wakati A4 ni 210 kwa 297. Printa ikiona tofauti hiyo husimama ikisubiri karatasi isiyokuwepo, na watu huanza kuipigapiga.

Excel inawatisha. Mfano gani unaeleweka?

Malipo ya wachumaji wa karafuu. Pemba hata asiyechuma anajua kwamba mchumaji hulipwa kwa pishi, kwa hivyo hesabu yenyewe haihitaji kufafanuliwa na akili yote inabaki kwenye programu. Kwa kikundi cha mwani geuza pishi ziwe kilo.

Safu ya A iwe jina, B tarehe, C idadi ya pishi, D malipo. Bei ya pishi moja iandikwe mara moja tu, kwenye seli F1. Kwa mazoezi weka 1000. Katika D2 andika =C2*F1, ubonyeze Enter. Jibu litakuja sawa. Sasa mwambie aiburute fomula hiyo chini hadi D31. Mistari yote iliyobaki itatoa 0. Usiharakishe kueleza. Mwambie abofye D3 asome: imekuwa =C3*F2, na F2 haina kitu. Hapo ndipo umwonyeshe alama ya dola: =C2*$F$1, yaani F1 isihame. Akiburuta tena, jibu linakuja kila mstari. Halafu abadilishe bei katika F1 aone malipo yote thelathini yakibadilika kwa pamoja. Hapo mtu huelewa kwa nini afisi haifanyi kazi hiyo kwa kikokotoo.

Jumla ikae D32: =SUM(D2:D31). Akiandika D2:D32, seli inajihesabu yenyewe ndani yake, na Excel itatoa onyo la mzunguko.

Makosa mengine ya kutegemea:

Akiandika 5000/= kama tulivyozoea kwenye risiti, Excel inayachukua kuwa maandishi. Yataegemea kushoto mwa seli, na jumla itayaruka bila kusema kitu. Iandikwe tarakimu tupu. Alama ya fedha inawekwa kwa "Format Cells".

Alama za #### maana yake safu ni nyembamba. Bofya mara mbili mpaka ulio kati ya herufi za safu hiyo na ya pili yake.

Namba ya simu inayoanza na 0777 hubaki 777. Chagua safu nzima, "Format Cells", "Text", kabla ya kuandika. Vivyo hivyo na namba ya NIDA, na hili lina hatari zaidi: namba hiyo ina tarakimu 20, Excel hubeba 15 tu, na tano za mwisho hugeuka sifuri. Ukishahifadhi, haziwezi kurudishwa mpaka ukazisome tena kwenye vitambulisho.

Tarehe 03/04/2025 kwenye mashine iliyowekwa kwa utaratibu wa Kimarekani ni tarehe 4 Machi, si 3 Aprili. Dalili yake ni kwamba tarehe kama 25/04/2025 inaegemea kushoto huku nyingine zikiegemea kulia. Rekebisha mashine zote kabla ya darasa kuanza: Control Panel, "Region", English (United Kingdom).

Umeme ukikatika katikati ya somo?

Umeme wa Unguja na wa Pemba hutoka bara kwa nyaya zilizopita chini ya bahari. Pemba huupata kutoka Tanga tangu 2010, na Unguja iliwahi kukaa gizani miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010. Somo lipangwe kwa kutegemea kukatika. Wafundishe Ctrl na S kama ada: kila aya ikiisha, bonyeza. Word hujihifadhia nakala ya dharura kila dakika 10. Punguza iwe 2 kupitia File, Options, Save. Nakala hiyo haichukui nafasi ya kuhifadhi, inaokoa tu.

Mashine za mezani ziwe na UPS (betri ya akiba), ambayo kazi yake ni kutoa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, siyo kuendeleza somo. Usichomeke printa ya leza kwenye UPS. Inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla na kuizidi nguvu. Umeme ukirudi, ngoja dakika tano kabla ya kuwasha, kwani mara ya kwanza hupanda na kushuka. Kama darasa linatumia laptopu, zichajiwe zote usiku wa kuamkia somo.

Flashi ya mwanafunzi imeonyesha njia za mkato tu, folda zake hazipo. Zimefutwa?

Zipo, zimefichwa. Kirusi hiki huzunguka sana kwenye steshenari za kuchapishia: huficha folda za kweli na kuweka ikoni za bandia zenye majina yale yale. Ukibofya ya bandia, kinaingia kwenye mashine yako na kuanza kuambukiza kila flashi inayofuata. Kwa hivyo usibofye. Kwanza ipitishe flashi kwenye Windows Security: bofya kulia juu yake, chagua kuikagua. Kisha fungua Command Prompt na uandike, ikiwa flashi ni herufi E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitaonekana tena. Nakili zilizo zako kwenye kompyuta, futa zile za bandia, ufomati flashi. Mwanafunzi anayekwenda kuchapisha nje asibebe kazi zake zote. Abebe flashi ndogo yenye nakala ya PDF ya karatasi anayotaka tu. PDF ina faida nyingine: barua haibadiliki mwonekano hata steshenari wakiwa na Word ya zamani.

Karatasi zinakwama kwenye printa kila msimu wa masika.

Ni unyevunyevu. Karatasi hunyonya maji ya hewani, hujikunja na kushikana. Rimu iliyofunguliwa irudishwe ndani ya karatasi yake ya kufungia, na iwekwe kwenye kasha la plastiki lenye mfuniko. Usijaze trei, weka karatasi 50, uzipepee kwanza. Ikikwama, zima printa, fungua mlango wa nyuma au toa tona, uivute karatasi kwa mikono miwili kufuata upande inakoelekea. Ukiivuta kinyume unaweza kuharibu meno ya roda, na kipande kidogo kikibaki ndani kitakwamisha kila kinachokuja.

Hewa ya chumvi nayo hula viunganisho. Darasa lililo karibu na pwani lifunike mashine kwa kitambaa kila jioni, baada ya kupoa.

Ninunue kompyuta gani, na programu gani?

Mitumba inatosha, kwa masharti. Kumbukumbu ya GB 8, diski ya aina ya SSD. Mashine yenye diski ya zamani inayozunguka huchukua dakika kadhaa kufunguka, na somo zima linakwisha kwa kungoja. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo uliza kama mashine inakubali Windows 11, ambayo inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0, na kompyuta nyingi za kabla ya 2018 hazikubaliki.

Kwa programu, LibreOffice ni ya bure na halali, na inafundisha karibu kila kilichotajwa hapa. Ibadilishe tu ihifadhi kwa muundo wa Word na Excel: Tools, Options, "Load/Save". Usiweke Office iliyovunjwa kufuli. Wanaoigawa hukutaka uzime kinga ya virusi kwanza, na ukishaizima hujui ni nini kingine ulichokiingiza.

Bando linakwisha siku moja nikiwasha hotspot ya simu.

Windows inapakua marekebisho yake. Ingia Settings, "Network & internet", chagua mtandao huo wa simu, washa "Metered connection". Fanya kwenye kila mashine. Intaneti iwashwe siku za somo la barua pepe tu. Kwa somo hilo, kila mwanafunzi amtumie mwenzake barua yenye kichwa, salamu na kiambatisho kimoja. Gmail haikubali kutuma kiambatisho kinachozidi MB 25. Anwani ya barua pepe iwe jina lake halisi, maana ndiyo atakayoiandika kwenye maombi ya kazi, na neno la siri aliandike kwenye daftari lake nyumbani badala ya kumwachia maalim.

Tovuti zote zikikataa kufunguka kwa onyo la usalama, tazama tarehe ya mashine. Betri ndogo ya ndani, CR2032, ikifa, saa hurudi nyuma miaka mingi. Ibadilishe, kisha uweke saa za eneo la Nairobi, ambazo ndizo zetu.

Kozi nzima ichukue muda gani, na saa ngapi za siku?

Saa 36: masomo matatu kwa wiki, saa moja na nusu kila moja, kwa wiki nane. Tunazigawa hivi: saa 6 za mausi na kibodi, 6 za mafaili, 10 za barua na majedwali, 8 za hesabu, 4 za intaneti na barua pepe, 2 za marudio na mtihani. Wanafunzi wasizidi wawili kwa mashine, wabadilishane kila dakika 10. Anayesubiri amsomee mwenzake hatua kutoka kwenye karatasi.

Kwa wafanyakazi, baada ya sala ya Alasiri panafaa: saa 10 na robo hadi saa 11 na dakika 45, wawahi Magharibi majumbani mwao. Ijumaa msomeshe asubuhi, mmalize kabla ya saa 5. Mwezi wa Ramadhani hamishieni saa 3 asubuhi, wakati watu bado wana nguvu. Akina mama wenye watoto wadogo hukosa masomo ya jioni zaidi, kwa hivyo weka kundi la asubuhi hata likiwa na watu watano.

Nitajuaje kwamba ameelewa?

Mtihani wa kuandika majibu kwenye karatasi haufai kitu. Mpe mashine, karatasi ya maagizo na dakika 45: atengeneze folda, aandike barua ya maneno 150 kutoka muswada wa mkono, atengeneze jedwali la malipo la watu kumi lenye jumla, ahifadhi barua kwa PDF, anakili vyote kwenye flashi, aitoe flashi kwa njia salama. Maalim akae mbali. Kisha chukua flashi hiyo ukaifungue kwenye mashine nyingine, mwenyewe hayupo. Folda isipokuwepo, hakufaulu, hata kama barua uliyoiona kwenye kioo chake ilikuwa safi. Asipewe cheti bado. Arudie masomo ya mafaili tu, ambayo ni wiki moja na siku moja, kisha afanye tena zoezi lile lile kwa majina mengine.